Banda Linalojua Kuhama

Mama yangu alipoyakimbia maji, hakubeba sufuria wala godoro. Alibeba mlango.

Ziwa lilikuwa limepanda hadi usawa wa kiuno uwanjani kwetu, hapa Kalemie, upande ule ambao mto Lukuga unatoka ziwani na kuanza safari yake ya magharibi. Sisi watoto wake, watu wazima wenye ndevu na digrii, tulikuwa tunagombania nini kitolewe kwanza. Yeye alichukua nyundo, akang'oa mlango kwenye bawaba zake, akajitwika, akapanda nao kilima kama mtu anayepeleka mkungu wa ndizi sokoni. Jirani mmoja akamcheka. Mama hakugeuka. Alisema tu, "Ukuta ni udongo. Udongo iko kila pahali." Kwetu mtu akihama huhama na mlango wake na mabati yake, hilo si la ajabu. La ajabu ni kwamba siku ile, katika kelele zile, yeye peke yake ndiye aliyekumbuka.

Naanza na mlango kwa sababu watu wakiniuliza nilipata wapi wazo la banda la Lukuga, wanatarajia nitaje chuo. Nilisoma ujenzi Lubumbashi, nilifaulu vizuri, na sijui kujifanya mnyenyekevu. Lakini somo lile sikulipata darasani. Nililiona likipanda kilima mbele yangu, juu ya kichwa cha mwanamke mfupi aliyelowa.

Mama aliuza samaki kando ya Lukuga tangu kabla sijazaliwa. Ndagala wa kukaushwa, mikebuka ya kuchomwa kwa moshi, na kuhe mkubwa siku wavuvi walipobahatika. Walikuwa kundi zima la akina mama, Wakristo kwa Waislamu, wake wa wavuvi na wajukuu wa wafanyabiashara wa ziwa, wanaogombana asubuhi na kupatana kabla samaki hawajaisha. Walikuwa na jengo lao la dirabo, ndivyo tunavyoita kwetu nyumba ya matofali ya kuchoma na simenti. Mama alibeba mchanga wa msingi wake kwa beseni. Siku lilipofunguliwa kulikuwa na viti vya plastiki, maturubai na hotuba. Nilipoliona mara ya kwanza, nikiwa likizoni, nilisema liko chini mno, nikaambiwa ninyamaze nisilete mkosi.

Basi ziwa lilipopanda, jengo lile lilisimama ndani ya maji wiki baada ya wiki. Maji yakala udongo chini ya msingi, ukuta mmoja ukapasuka, wa pili ukafuata, na mwisho paa likalala juu ya yote. Akina mama walikwenda kusimama mahali pakavu kulitazama. Hapakuwa na la kuokoa. Huwezi kujitwika ukuta.

Maji yalipopungua, wenzake walitawanyika, huyu akauzia barabarani, yule mbele ya nyumba yake. Mama akabaki nyumbani. Tulikuwa tumepanga nyumba juu kilimani, na ule mlango wake tuliutundika pale, ingawa ulikuwa mpana kuliko nafasi yake na ilibidi fundi aukwangue pembeni. Nyuma ya mlango ule alikaa. Alisema anapumzika. Mama yangu hajui kupumzika, hata akiwa kwenye msiba hutafuta mboga za kuchambua. Siku moja nilimkuta ameinua viganja vyake puani.

"Mikono yangu inanukia sabuni," alisema, kwa sauti ile ile ambayo watu hutangazia kifo.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Kisha nikatoka nimekasirika, maana kwangu mimi huzuni haikai sana kabla haijageuka hasira, na hasira ndiyo inayoniamsha nifanye kazi. Niliamua kwamba mama atarudi mtoni. Kwenye mikutano yote iliyofuata nilisema tunajenga kwa ajili ya akina mama wa Lukuga, na ilikuwa kweli. Lakini moyoni nilikuwa namjengea mtu mmoja.

Aliyenijia na ombi alikuwa kiongozi wao, ambaye kila mtu anamwita Mama Prezida. Ni mwanamke mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, na mwenye moyo mkubwa kuliko sauti. Alikaa kwenye kiti chetu, akakunja kitenge magotini, akasema, "Enjenyere, tujengee dirabo ingine. Lakini hii ikuwe ya nguvu kupita ile."

Nikamwambia hapana.

Lazima nieleze mto wetu, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Mito mingine huzaliwa milimani. Mvua ikinyesha huko, inashuka mbio na kukukuta umelala. Lukuga inatoka ziwani. Ziwa likijaa nayo inajaa, polepole, kidole kwa kidole, kama mgeni anayeanza kwa kuomba maji ya kunywa na kuishia kuomba kitanda. Mto wa namna hiyo haukuvamii. Unakupa muda. Kosa letu lilikuwa kwamba muda ule wote tuliutumia kuutazama.

Kwa hiyo sikutaka jengo la kushindana na maji. Nilitaka jengo ambalo akina mama wenyewe, bila fundi na bila gari, wangeweza kulifungua asubuhi na kulisimamisha upya mahali pa juu zaidi kabla jua halijatua. Kila kipande kiwe cha kubebwa na wanawake wawili. Vifaa vyote vitoke karibu, ili kikipotea kimoja tusisubiri meli ya Kigoma. Na pasiwe na msumari hata mmoja.

"Yaani unataka turudilie manyumba ya bakuku?" Mama Prezida aliuliza, akimaanisha mababu. "Batu ya Kigoma bakikuja, si batatuchekelea?"

"Bacheke," nikasema. "Kicheko hailoweshe samaki."

Alinipima kwa macho aone kama nimemtukana. Kisha akacheka, na nikajua nimepata kazi.

Vifaa nilivijua. Nguzo za miti migumu kutoka vilima vya nyuma ya mji. Mianzi kutoka upande wa Zongwe, iletwe kwa mtumbwi wa mashine. Matete tusitafute mbali, Lukuga yenyewe imejaa matete hadi inakohoa. Nyasi ndefu za paa. Mawe ya ufukweni kwa sakafu, yakikandikwa udongo wa kichuguu, ambao ukipigwa vizuri unakuwa mgumu na haunywi damu ya samaki. Na kamba, ambayo ndiyo iliyokuwa roho ya kazi nzima.

Ukichuna ganda la ndani la miti yetu ya miombo ukaliloweka, linalainika kama ukanda wa nguo. Fungia nalo likiwa limelowa. Likikauka linakaza mpaka nguzo zinalia. Ukilimwagia maji tena, linalegea na kukutii. Hakuna mtu Kalemie asiyelijua hili, kwa sababu magunia ya makaa hufungwa hivyo, na kila mama amewahi kumwagia maji fundo lililomkatalia. Nilichofanya mimi ni kulipanga. Mafundo yote niliyaweka juu, ndani ya ukingo wa nyasi, mvua isiyafikie, ili siku za kawaida banda likae limekaza. Siku ya kuhama, kikombe cha maji kwa kila fundo, na nyumba inafunguka. Wazo hili linanipa fahari hadi leo, na sioni sababu ya kulificha.

Niliongeza sheria moja. Kila mama awe na nguzo yake. Ataifunga mwenyewe, atauza chini yake, na maji yakija ataifungua na kuibeba mwenyewe. Cha wote hakina mwenyewe, ndiyo maana hata paa la jengo la kwanza halikuvuliwa mapema: kila mtu alingoja mwingine aanze.

Nilitengeneza mfano mdogo wa banda kwa matete na uzi, kazi ya siku nzima, nikauweka mezani mbele ya mama. Aliuzungusha. Akainua paa, akachungulia ndani. Nilidhani anaupima. Akaondoka na lile paa, akainama juu ya mbabula yake, jiko letu la makaa, na akalitumia kuwashia moto wa chai.

"Inawaka muzuri," alisema. "Sasa ile ya kweli, na moto ya samaki, itafanya je?"

"Mama! Umechoma kazi yangu!"

"Si umesema inajua kufunguka?"

Nilikuwa na jibu tayari, na nikalitoa kwa ukali kidogo: majiko yote ya kukaushia yatakaa nje ya ukingo, upande ambao upepo wa ziwa unasukuma moshi kuelekea matete na si kwenye paa, na kila jiko litakuwa na ukuta wake wa udongo. Alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Nikaona macho yake yamechangamka, nikadhani ndiyo saa ya kumwambia lililonileta. Nikamwonyesha kwa kidole, juu ya mabaki ya mfano wangu, nafasi niliyomwekea. Ilikuwa juu kabisa, mwisho wa banda, karibu na njia, ili asishuke mtelemko. Nguzo yake ingekuwa na egemeo la mianzi kwa ajili ya mgongo.

Uso wake ukafunga.

"Ile ni kiti ya mugonjwa."

"Ni nafasi ya heshima, mama."

"Heshima ya nini? Mutumbwi inafika kule chini. Muvuvi anauzisha samaki kwa ule anaona wa kwanza. Weye unaniweka kule juu nikuwe naangalia batu banapita?"

Nilibishana. Nilitaja magoti yake, nilitaja utelezi. Kadiri nilivyotaja, ndivyo alivyozidi kunyooka. Mwishowe akachukua chai yake na kusema maneno ambayo niliyabeba miezi yote iliyofuata. "Mi nitakuja siku maji itakuja. Ile ingine pia ilikuwa muzuri siku ya kufungua."

Tunafanana, mimi na yeye, na hiyo ndiyo taabu yetu. Nafasi ya juu sikuibadilisha.

Kazi ilianza baada ya mvua za mwisho. Sijawahi kufurahi kazini kama kipindi kile. Nilichora banda kwa fimbo kwenye mchanga wa ukingo, kwa ukubwa wake halisi, na akina mama wakatembea ndani ya mistari, wakikaa chini na kujifanya wanauza, wakigombania vivuli ambavyo bado havikuwepo. Waume zao wavuvi, waliozoea kufunga mitumbwi miwili pamoja kwa miti ili kuvua ndagala, walifundisha namna ya kukaza. Watu wa njiani waliniita enjenyere wa matete. Nilikuwa nawaitikia, tena kwa sauti.

Kila mama alikuja kufunga nguzo yake. Mmoja aliimba akifunga, mwingine alisali, mwingine alitukana kamba. Nguzo ya chini kabisa, ile iliyosimama karibu na maji ambapo mitumbwi inaegesha, aliichukua mama mmoja mwembamba. Kabla hatujaezeka, alikwenda kuishi na binti yake kule Kirungu, kwenye baridi ya milima. Nguzo yake ikabaki bila mwenyewe. Wengine waliikataa kwa kuogopa maji.

Kisha nikaenda Zongwe kuchagua mianzi ya mwisho, na niliporudi nilikuta misumari.

Walikuwa wamemleta seremala. Kila kiungo, juu ya kamba zangu zilizokauka vizuri, kilikuwa kimepigiliwa misumari mirefu, na vichwa vyake viling'aa juani. Mama Prezida alinijia mikono wazi, amevaa kitenge kipya. "Siprizi!" akasema. Alikuwa na furaha ya kweli.

"Nani amesema?" nikauliza.

"Ni siye. Bageni bakikuja siku ya kufungua, bakiona kamba tu, batasema siye ni bakimbizi. Njo vile bakimbizi banajenga, na kamba na matete. Tumechoka kuitwa vile."

Leo naielewa sentensi ile kwa uzito wake. Vita vimeleta watu wengi kuja kuishi kandokando ya mji wetu, katika vibanda vya kufungwa kamba, na hakuna mtu mwenye nyumba Kalemie asiyeogopa kufananishwa nao. Kwa akina mama wale, msumari ulikuwa cheti cha kwamba wao ni wenyeji. Lakini siku ile mori ulikuwa umenipanda. Nilichukua nyundo nikaanza kung'oa, mbele ya wote, msumari baada ya msumari, huku nikisema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Kuhusu misumari nilikuwa na haki. Misumari haifunguki kwa maji, inakula kutu na kuganda humo humo, na kilichoganda mto unakichukua.

Habari ilifika kilimani kabla yangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Misumari unaweza kung'oa," alisema. "Maneno utang'oa na nini?"

Kesho yake nilimpelekea Mama Prezida kuku mwenye afya. Alimpokea, akanikalisha, tukala pamoja ugali na mboga, na yule kuku akamfunga mguuni mwa meza akimtazama kwa upendo. Misumari yote iling'olewa, isipokuwa ya nguzo moja.

"Nguzo yangu ni yangu," alisema. "Si weye ulisema kila mutu na nguzo yake?"

Nilikuwa nimeitunga sheria ile mwenyewe. Nikaiacha misumari yake.

Banda lilikuwa zuri. Nimejenga mengine tangu hapo, ya gharama zaidi, na hakuna nililolipenda hivyo. Lilishuka na mtelemko kwa hatua pana, kila hatua na sakafu yake ya mawe, na paa la nyasi likashuka nalo. Asubuhi jua liliingia kwa kupenya ukuta wa matete na kuwachora akina mama mistari mabegani. Palinuka moshi, nyasi na samaki. Siku ya kufungua wageni walikuja, na hakuna aliyetaja wakimbizi. Waliuliza nani amelichora, na Mama Prezida akanisukuma mbele kwa kiganja mgongoni hadi nikajikwaa.

Mama yangu hakuja.

Nafasi yake ilikuwepo pale juu, na egemeo lake la mianzi nililolisugua mwenyewe kwa mchanga. Siku za kwanza wenzake waliiheshimu. Baadaye mtu akaanza kuweka hapo mfuko wake, mwingine mwamvuli. Kila nilipopita niliviondoa, na kila niliporudi vilikuwepo. Iliniuma kuliko nilivyotaka kuonyesha. Watu walinisifu njiani, nami nikapanda kilimani jioni nikiwa na sifa zangu zote, nikamkuta yule niliyemjengea amekaa nyuma ya mlango wake, mikono yake ikinukia sabuni. Hakuuliza kitu. Nilimweleza hata hivyo, nani ameuza nini, nani amegombana na nani. Alikuwa akisikiliza akiwa amegeuza uso, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Mvua zilizofuata zilikuwa nzito. Ziwa likaanza.

Tuliliona kwenye jiwe la chini kabisa, lile ambalo mama yule wa Kirungu angeweka miguu yake. Asubuhi moja lilikuwa limelowa pembeni. Baada ya siku chache maji yalilifunika. Akina mama wakaanza kunitazama badala ya kutazama samaki. Nilipima kwa fimbo, nikangoja, nikapima tena. Nguzo ya chini iliposimama ndani ya maji hadi usawa wa goti, niliwaambia: kesho tunahama.

Sitasema sikuogopa. Mfano wa matete ulifunguka vizuri mezani, na tulijaribu fundo moja moja. Lakini banda zima, na akina mama wote wakiwa pale, hatukuwahi. Mimi najiamini, hilo kila mtu analijua, ila asubuhi ile chai yangu ilipoa mezani. Nilipotoka, mama alikuwa bado chumbani. Sikumwita.

Tulianza na nyasi, tukazishusha kwa vifurushi jinsi zilivyopandishwa. Kisha nikasema, "Haya, maji." Kila mama akachota kikombe, akapanda kwenye kigoda chake, akamwagia fundo lake. Tukangoja. Huo ndio ulikuwa ungojeaji mrefu kuliko wote wa maisha yangu, na nadhani haukuzidi muda wa kumenya viazi vya mlo mmoja. Halafu mama mmoja wa upande wa juu, mke wa mvuvi, akapiga kigelegele. Kamba yake ilikuwa imekubali. Ikafuata nyingine, na nyingine. Mianzi ikaanza kushuka kwenye mabega. Wanawake wawili wawili walipita mbele yangu na vipande vya jengo langu vichwani, wakipanda mtelemko, wakipigana utani juu ya nani anatembea kama bibi harusi. Nilisimama katikati nikipaza sauti na kuelekeza, ingawa hakuna aliyehitaji kuelekezwa.

Nguzo moja tu haikusogea. Mama Prezida alikuwa ameimwagia maji ndoo nzima. Kutu ilikuwa imeshika misumari kama meno. Alitingisha, akasukuma kwa bega, akaita mumewe, mumewe akaita msumeno. Nilitazama tu, pengine kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Cheka tu, enjenyere," alisema bila kugeuka. "Cheka, umalize."

Nikacheka. Naye akacheka, akiwa amekumbatia nguzo yake katikati ya maji, hadi mumewe akamwomba atulie asije akamkata.

Ndipo nikamwona mama.

Alikuwa anashuka mtelemko akipishana na wanaopanda, kitenge amekikaza kiunoni kwa namna ya kazi, viatu mkononi. Watu walimsalimia, naye akawaitikia bila kusimama. Alipita nafasi yake ya juu, ile ya egemeo, bila kuitupia jicho. Aliingia majini. Alitembea polepole, akipapasa mawe kwa nyayo, hadi kwenye nguzo ya chini kabisa, ile isiyo na mwenyewe, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameigusa.

Nilianza kumfuata. Mama Prezida akanishika mkono. "Muache," alisema.

Fundo lilikuwa juu ya kichwa chake. Akachota maji kwa viganja na kuyarusha, mara kadhaa, mengi yakimrudia usoni. Kisha akaweka mikono yake kwenye kamba na kungoja, macho yakiwa mtoni, kama mtu aliyeshika mkono wa rafiki. Alipohisi imelainika akaipapasa, akapata ncha, akavuta. Fundo likafunguka. Aliiyumbisha nguzo, ikatoka kwenye matope na sauti ya kubusu. Akakunja ile kamba vizuri, akaivaa shingoni, maana kamba haitupwi. Halafu akainama, akajitwika nguzo kichwani, na kupanda.

Nilikuwa nimeiona safari ile hapo kabla. Shingo ni ile ile, na maji yalimchuruzika vile vile mgongoni. Tofauti ni kwamba safari hii hakuwa peke yake. Mbele yake na nyuma yake kulikuwa na mstari wa wanawake, kila mmoja na mzigo wake kichwani, na jengo zima lilikuwa linapanda kilima. Nilitembea nyuma yake nikilia waziwazi, na aliyeniona na anione.

Juu, kwenye ardhi kavu niliyokuwa nimeshaipima, akina mama walikuwa wanachimba mashimo. Nilimwonyesha mama mahali pazuri, katikati, penye upepo. Alinipita. Alikwenda hadi ukingoni, pale ambapo maji mapya yangeishia na mitumbwi ingefika kwanza, akatua nguzo yake chini.

"Hapa."

"Mama, maji itafika hapa."

"Itafika," alisema. "Na mi nitahama."

Aliloweka kamba, akaifunga mwenyewe, akanikataza nisimsaidie. Kabla jua halijatua banda lilikuwa limesimama, limepinda kidogo upande mmoja, na fupi kwa nguzo moja iliyokatwa. Asubuhi iliyofuata, mtumbwi wa kwanza uliingia na mikebuka, na mvuvi akamuuzia yule aliyemwona wa kwanza.

Nilishuka saa sita kuwasalimia. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko lake, uso umejaa jivu, akigombana na jirani juu ya kuni. Hakuwa na muda nami. Alinipa mkono juu juu, jinsi anavyompa mteja, akaendelea na ugomvi wake. Nilipanda kilima na mkono wangu ukinuka moshi na samaki. Jioni walinipa maji ya kunawa kabla ya chakula, nikayapitisha kwa mwingine, nikala kwa kijiko.